Wiki Ambayo Mji Mzima Ulikwenda Pwani

"Nigeuze," aliniambia. "Nigeuze nitazame kule."

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nilikuwa nimeshamwogesha bibi huyu ninayemtunza, nimemvalisha sweta lake la zambarau, nimemsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka mahali ambapo mimi nilipaona bora kuliko pote katika nyumba yetu ya wazee: dirisha kubwa la sebuleni linaloangalia ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi mwa England. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na vilima vya Lake District vimejipanga ng'ambo ya maji, kimoja nyuma ya kingine. Nilikaza breki za kiti, nikamfunika blanketi magotini.

Alikuwa anaonyesha kwa kidole dirisha dogo la pembeni. Lile linaangalia barabara ya ndani na kituo cha basi.

"Bahari nimeshaiona, mpenzi," akasema. Watu wa Yorkshire humwita kila mtu mpenzi. "Nataka kuona watu."

Nikamgeuza. Kituoni hapakuwa na mtu.

Alikaa akikitazama kile kituo kitupu mpaka saa ya chakula cha mchana. Nami tangu siku ile neno lake halijaniondoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelibeba kwenye zamu za usiku. Nimebadilisha mambo machache hapa ili asitambulike, lakini maneno ni yake.

Maji yaliyokwenda mbali

Nilikuja hapa mwaka 2022, viza za kazi ya kutunza wazee zilipofunguliwa. Wiki ya kwanza nilimpigia mama kwa video, kule kwetu Vanga, pwani ya Kenya, ili nimwonyeshe kwamba sikupotea, nimetoka pwani nikaingia pwani. Nikaigeuza simu kuelekea majini.

Mama akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hiyo bahari imekwenda wapi?"

Maji yalikuwa yamekupwa. Na maji ya Morecambe yakikupwa, yanakupwa kwelikweli. Kwetu bamvua ikiwa kubwa hufika mita tatu, nne. Hapa tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita kumi, na kwa kuwa ghuba ni tambarare kama sinia, bahari huondoka mpaka huioni tena, ikaacha mchanga wa kijivu unaong'aa hadi upeo wa macho. Kisha hurudi. Wenyeji husema huja upesi kuliko farasi anavyokimbia, tena haiji kwa mbele tu, huzunguka kwa mikondo ikakutokea mgongoni. Kuna mchanga unaodidimiza mtu. Tangu karne ya 16 kuna mwongozaji anayeteuliwa kwa idhini ya Ufalme kwa kazi moja tu, kuwavusha watu salama humo.

Mama alitaka kujua wanawake wa hapa wanateremka saa ngapi na vikapu.

Nikamwambia hawateremki. Sikumwambia habari ya usiku wa tarehe 5 Februari 2004, ambapo wahamiaji wa Kichina wasiopungua 21 walizama katika mchanga huu huu wakichuma kombe gizani, maji yakawazunguka. Mimi nimechuma kombe na mama tangu nina miaka sita. Nilipoisoma habari ile nilikaa chini.

Lakini swali lake la vikapu ndilo lililonifungua macho. Vanga bahari ni barabara na ni shamba. Ukitaka kwenda, unapita humo. Ukitaka mboga, unashuka humo. Morecambe nayo ilikuwa na wavuvi, na wapo wachache wanaovua uduvi mpaka leo, lakini mji wenyewe ulijengwa kwa jambo jingine. Kabla ya reli kufika mwaka 1848 hapa palikuwa na vijiji vidogo, kimojawapo kikiitwa Poulton-le-Sands. Hata jina Morecambe lilikubaliwa rasmi baadaye, mwaka 1889. Ni mji ulioletwa na treni, na treni ilileta watu. Bandari yenye maana ilipojengwa mwaka 1904, haikujengwa hapa, ilijengwa Heysham, jirani.

Mji umejengwa ukingoni mwa bahari, na riziki yake haikutoka baharini.

Baridi haikuwa sababu

Ukimuuliza Mswahili yeyote tuliye naye huku kwa nini miji hii ya pwani ya Uingereza imechakaa, jibu ni moja. Nani aoge kwenye maji ya barafu? Mimi mwenyewe nilisema hivyo miaka miwili mizima. Niliingiza miguu majini mara moja, mwezi wa Julai, nikatoka mbio.

Neno la bibi yule, kwamba anataka kuona watu, liliponitia swali kichwani nikaanza kuona kwamba jibu letu halisimami. Bahari hii haijaanza kuwa baridi jana. Wale wa kwanza kabisa waliifuata kwa sababu ya ubaridi wake! Mwaka 1750 daktari mmoja wa Sussex, Richard Russell, aliandika kwa Kilatini kwamba maji ya bahari hutibu magonjwa ya tezi. Wagonjwa wakaambiwa wayaoge na wayanywe, na kijiji cha wavuvi cha Brighton kikawa mji wa wakubwa. Huko Margate ikaanzishwa hospitali mwaka 1791 kwa maskini wa London waliokuwa na kifua kikuu, wakawa wanalazwa mahali penye upepo wa bahari ili wapone. Watu wakaja karne mbili, wakiwa wamevaa makoti, wakiketi kwenye viti vya turubai huku pua zimewaiva kwa upepo, na wakarudi mwaka uliofuata.

Basi ni ndege? Ndiyo, kwa sehemu. Mwaka 1950 Vladimir Raitz na kampuni yake ya Horizon waliwapeleka watalii Corsica kwa ndege, malazi na chakula ndani ya bei moja, na kutoka hapo ikaja Hispania. Lakini haikuwa ghafla. Kati ya mwaka 1966 na 1970 serikali ya Uingereza haikumruhusu msafiri wa likizo kutoka na zaidi ya paundi 50 za matumizi. Miji ya pwani ilikuwa bado imejaa. Na hata leo, watu ambao hawana nauli ya Hispania ni wengi mno Uingereza hii. Kwa nini hao nao hawaji?

Hapo ndipo nilipokwama.

Mashine zikizimwa

Jibu nililipata usiku, kidogo kidogo, kwa sababu bibi halali vizuri na mimi napenda zamu ya usiku. Nyumbani ningemwita bibi na kumshika mkono wa shikamoo. Hapa wanataka tuwaite kwa majina yao ya kwanza, jambo ambalo ulimi wangu unalikataa mpaka leo. Namwita jina lake kwa sauti, na bibi kwa moyo.

Alizaliwa Bradford kabla ya vita. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha sufu, mama yake pia, shangazi zake pia, na mtaa mzima. Katika miji ya viwanda ya Yorkshire na Lancashire kulikuwa na wiki moja ya kiangazi ambapo viwanda vya mji vilifungwa kwa pamoja. Mashine zinazimwa, mafundi wanazihudumia, na wafanyakazi wote wako huru siku hizo hizo. Kila mji na wiki yake. Mwanzoni hapakuwa na malipo ya likizo. Watu waliweka senti kila Ijumaa katika chama cha kuweka akiba, mwaka mzima, kama tunavyocheza mchezo sisi. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938.

Alinieleza alivyokuwa akiamka siku ya kuondoka. Kitu cha kwanza ni kimya. Kelele ya viwanda, ambayo alizaliwa akiisikia, haipo. Kitu cha pili ni anga: moshi umepungua, vilima vinaonekana. Kisha milango ya mtaa inafunguka, kila nyumba inatoa sanduku, na wote wanashuka kwenda stesheni, treni moja, kwenda Morecambe. Walioenda walikuwa wengi hata mji huu ukaitwa Bradford ya kando ya bahari.

"Na mkifika?"

"Tunakuta majirani," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Familia yake ilikodi chumba kile kile kila mwaka, katika gesti ile ile. Chumba cha pili wanakaa watu wa nyumba nambari kumi na mbili wa mtaani kwao. Cha juu, msimamizi wa baba yake kazini. Baada ya kifungua kinywa mama mwenye nyumba anafunga mlango, na hata mvua inyeshe huruhusiwi kurudi mpaka jioni. Chumvi na pilipili za mezani zilitozwa kando kwenye hesabu. Kwa hiyo mchana kutwa watu walikuwa nje, wanakwenda na kurudi kando ya bahari, wanasalimiana. Kulikuwa na bwawa kubwa la kuogelea la wazi lililofunguliwa mwaka 1936, na kuanzia 1945 mashindano ya warembo pembeni yake. Kulikuwa na magati mawili ya matembezi yaliyoingia majini. Kulikuwa na Midland Hotel, nyeupe, imepinda kama tanga lililoshika upepo, ya mwaka 1933; baba yake aliwaonyesha kwa mbali tu.

Na kulikuwa na ile pipi.

Nilimnunulia moja dukani wiki iliyofuata, bado zinauzwa. Ni kijiti kinene kama kidole gumba, nje waridi ya kung'aa, ndani nyeupe, ngumu ya kuvunja jino. Ukiitazama kwa ncha unaona herufi nyekundu zimezunguka: MORECAMBE. Ukiivunja katikati, herufi zipo. Ukiivunja tena, zipo. Kiwandani huzipanga herufi zikiwa nene ndani ya gogo zito la sukari ya moto, kisha gogo lote huvutwa na kuviringishwa likawa kamba ndefu nyembamba, na jina linanyooka nalo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Meno yake hayaiwezi tena. Aliipapasa, akainusa mnanaa wake, akaiweka juu ya kabati la kitanda. "Kila mtu mtaani kwetu alikuwa nayo hii," akasema. "Kila mtu."

Nilipokuwa nabadilisha shuka alfajiri ile nikafikiria Maulidi ya Lamu. Wanaokwenda Lamu hawaifuati bahari, bahari wanayo kwao. Wanafuata kuwa pamoja, kuwakuta wale wale, mahali pengine, kwa siku chache, bila kazi. Miji hii ya Uingereza ilijengwa juu ya jambo hilo hilo. Viwanda vya sufu vya Bradford vilipoanza kufa, na vile vya pamba vya Lancashire, kilichokufa navyo ni ile wiki. Kila mtu akawa na likizo yake, tarehe yake, gari lake. Na mtu akishakuwa peke yake na likizo yake, kweli, kwa nini asiende kwenye jua?

Hispania ilichukua watu ambao walikuwa wameshatawanyika.

Swali nililoogopa kuliuliza

Wiki mbili nilikaa na hadithi hii nikiwa na furaha nayo. Kisha ikaanza kunichoma.

Kwa sababu huo umoja nilikuwa nausifia, ulikuwa wa nani? Nilikuwa nimesoma kwamba tangu enzi za Malkia Victoria burudani mojawapo ya fukwe hizi ilikuwa wazungu waliojipaka masizi usoni, wakaimba na kujifanya watu weusi, watoto wakakusanyika mchangani kuwacheka. Nilikuwa nimesoma pia kwamba sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, iligusa hoteli na migahawa lakini gesti ndogo za watu binafsi zikaachwa nje. Gesti kama ile ya kwao.

Usiku mmoja, saa tisa, nikamuuliza. Nilikuwa namgeuza ubavu, uso wangu karibu na wake. Nikasema, kama ningekuwa mtoto pamoja nawe wakati ule, ningelala chumba cha pili?

Hakujibu upesi. Nilifikiri amelala.

"Hapana," akasema. "Yule mama asingekuchukua. Na sisi tusingesema kitu."

Akanishika mkono. Sikuutoa, lakini sikujua niufanye nini. Nilimaliza zamu, nikatembea mpaka Stone Jetty, gati la mawe la hapa, nikakaa kwenye upepo nikiyatazama maji yakijaa. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Mtu aliyeniambia ukweli mtupu bila kuupamba ni mtu wa karibu miaka tisini ambaye nitamwogesha kesho.

Nilitaka kuiacha makala hii hapo. Kwa siku kadhaa niliona kama hakuna cha kulilia: mji ulionifungia mlango umefungwa wenyewe. Lakini moyo haukukubali, maana kila siku napita kwenye mitaa yake na ninaona ni nani hasa anayeumia.

Nyumba zilizokatwa vipande

Gesti zilipokosa wageni hazikubomolewa. Zilikatwa. Nyumba ya ghorofa nne yenye vyumba kumi na viwili ikawa makazi ya watu kumi na wawili, kila mmoja na mlango wake, birika lake na ukungu wake ukutani, kodi ikilipwa kwa ruzuku ya serikali. Mtaa wa West End hapa Morecambe umejaa nyumba hizo. Blackpool, ambako mnara wa mita 158 umesimama tangu 1894 na ambako mamilioni walikwenda, ilikuwa na mitaa minane kati ya kumi iliyo maskini kuliko yote England katika takwimu za serikali za 2019. Ule uliokuwa wa kwanza kwa umaskini nao ni wa pwani, Jaywick, Essex, uliojengwa uwe wa nyumba za likizo.

Kwa hiyo anayekosa pa kukaa mjini kwake hupelekwa au hujipeleka pwani, kwa kuwa vyumba vipo na ni rahisi. Na wazee waliowahi kufurahi hapa walirudi kustaafu. Ukichanganya hayo unapata alichoandika mganga mkuu wa England, Chris Whitty, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu afya ya watu wa pwani: magonjwa mengi, wahudumu wachache. Tena mji wa pwani unaishi kwa nusu duara. Upande mmoja ni maji, hakuna mji jirani, hakuna kazi, hakuna hospitali ya kukimbilia upande huo.

Mimi nimeletwa na pengo hilo. Bila miji hii kuchakaa nisingekuwa hapa, na hilo nalisema kwa uzito wake. Julai 2025 serikali ilifunga mlango wa kuajiri watunza wazee wapya kutoka ng'ambo. Nyumba yetu ina upungufu wa watu sasa hivi ninapoandika. Bibi husubiri kengele yake ijibiwe kwa muda mrefu kuliko zamani.

Wanaosubiri Eden

Hapa mjini ukiongea na kinyozi, na dereva wa basi, na muuza samaki na chipsi, watakwambia Eden ikija. Ni mradi mkubwa wa bustani za ndani na maonyesho ya mazingira, pale mbele kabisa, na Januari 2023 serikali ilitangaza paundi milioni 50 kwa ajili yake. Nauombea. Nauombea kwa dhati, kwa sababu nimewaona vijana wa hapa wakikaa juu ya ukuta wa bahari saa tano asubuhi siku ya kazi.

Ila nina rafiki Margate, tulisoma naye. Huko walipata jumba la sanaa la Turner Contemporary mwaka 2011, na Dreamland, uwanja wao wa zamani wa bembea na burudani, ukafunguliwa tena 2015. Mji ukapendeza. Watu wa London wakaja na pesa zao za London, na rafiki yangu amehama nyumba mara tatu akifukuzana na kodi. Sasa yuko mbali na bahari kabisa.

Mji unaweza kupona na watu wake wasiwepo. Hilo ndilo ninaloliogopa kwa Morecambe, kuliko hata magati yake mawili yaliyokwisha, moja likichukuliwa na dhoruba ya Novemba 1977, la pili likibomolewa 1992.

Jumamosi ya Agosti

Jumamosi ya pili ya Agosti jua lilitoka. Nilikuwa zamu ya mchana. Nikamsukuma bibi sebuleni, na bila kuuliza nikamweka kwenye dirisha dogo la pembeni, kama ilivyo desturi yetu siku hizi. Pipi yake alikuwa nayo mapajani.

Mabasi mawili ya kukodi yalikuwa yameegeshwa kando ya kituo. Wakashuka watu, na wakaendelea kushuka. Wanawake wa Kipakistani wenye shali za rangi zote, wazee wenye ndevu nyeupe na kofia, wasichana na simu zao, watoto wanaokimbia kabla ya kuambiwa. Wanaume wawili walibeba sufuria kubwa kwa mikono miwili, mfuniko umefungwa kwa taulo, na harufu ya biriani ikaingia mpaka ndani. Mzee mmoja alifunguliwa kiti cha kukunja palepale kivulini, akaletewa chai ya chupa. Wengine wakasimama wakisalimiana kana kwamba hawakupanda basi moja.

Bibi aliinama mbele mpaka nikashika bega lake asianguke.

"Wametoka wapi hawa?"

Nikafungua dirisha, nikamtolea salamu yule mzee. Asalaam aleikum. Akaitikia, akashangaa kidogo, akatabasamu. Nikamuuliza mmetoka wapi, mzee wangu.

"Bradford," akasema. Akaongeza kwamba alikuja mwaka 1963, akafanya kazi kiwanda cha sufu, zamu ya usiku, miaka kumi na saba.

Nikageuka kumwambia bibi, lakini alikuwa ameshasikia. Alikuwa ameishika pipi kwa mikono yote miwili.

"Muulize," akaniambia. "Muulize mtaa gani."